Usije Kabla ya Msimu Kwisha

Ozu, Ehime
19 Mei 1974

Mdogo wangu Yasuhiko,

U hali gani huko Osaka? Sisi huku twaendelea na maisha. Ukungu wa mtoni umepungua, asubuhi sasa mtu anaona hadi ng'ambo. Picha ya mama nimeibadilishia fremu, ile ya zamani ilishaliwa na wadudu. Mzee Kikuchi muuza mboga ameng'olewa meno mawili na bado hajanyamaza, anakusalimu sana. Saluni inakwenda. Tangu macho ya baba yaingiwe na mtoto wa jicho nanyoa peke yangu, naye hukaa chumba cha nyuma mlango ukiwa wazi, akisikiliza mkasi. "Kinuyo, umeruka nyuma ya sikio la kushoto." Nikiangalia, kweli nimeruka. Miaka arobaini ya ukinyozi imemwachia masikio hayo.

Sasa kaa chini. Baba amepimwa tumbo. Daktari aliniita mimi peke yangu kwenye ujia, kama ilivyo ada, akaniambia ni saratani na imeshasambaa. Baba ameambiwa ni vidonda vya tumbo, ale laini, apumzike. Hatajua, na asijue. Mtu akishajua hula siku zake kwa hofu, na mimi sitaki ale hofu.

Najua moyo wako, utataka kupanda treni leo hii. Usije. Tangu uanze kucheza besiboli ya kulipwa, huu mwaka wa kumi, hujawahi kukanyaga mlango huu kabla msimu haujaisha. Hata nilipolazwa mimi hukuja, na sikukulaumu. Ukitokea hapa mwezi wa sita na sanduku lako, baba hatauliza kitu. Atajua papo hapo kwamba anakufa.

Kwa hiyo cheza. Kila asubuhi namsomea gazeti, ukurasa wa michezo, kuanzia juu mpaka kwenye zile alama ndogo za kila mpigaji. Nipe cha kumsomea.

Dada yako,
Kinuyo


Sakai, Osaka
11 Juni 1974

Dada Kinuyo,

Salamu kwako na kwa baba. Mimi mzima. Hapa mvua za Juni zimeanza na chumba changu kinanuka viatu. Mwenye nyumba, yule bibi niliyekusimulia, amefuga ndege anayeniita jina la mpangaji aliyenitangulia. Nimezoea, siku hizi naitika.

Samahani nimechelewa kujibu. Tulikuwa safarini.

Nimesoma uliyoandika kuhusu baba. Nimesoma mara nyingi. Sina la kusema ambalo linatosha, dada, nawe unajua mimi si mtu wa maneno. Nitafanya ulivyosema. Sitakuja.

Mwambie Jumamosi nilikimbia mpaka ukutani nikaudaka mpira mmoja nikiwa nimeupa mgongo, kama nilivyokuwa nikidaka pale kiwanja cha shule. Kocha mkuu ananipanga mpigaji wa tano. Gongo langu zito kidogo mwaka huu, lakini nalizoea.

Anakula nini?

Yasuhiko


Ozu
27 Juni 1974

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika na mvua, wino umesambaa kidogo lakini nimesoma. Huku vyura wamejaa mashambani hadi wateja wanalalamika hawasikii redio. Mwambie huyo ndege wa bibi akome.

Baba anakula tofu baridi na uji. Nyama hataki. Amepungua, na ukanda wa kimono chake sasa unazunguka mara mbili na ziada. Anasema vidonda vya tumbo ni ugonjwa wa watu wenye akili nyingi, ndiyo maana Kikuchi hajawahi kuupata.

Kuhusu mchezo amefurahi sana. Zile mbili ulizopiga kwa gongo Jumapili ya tarehe 16, moja mpaka kwenye ukuta wa kulia, nilimsomea mara mbili. Akasema tu, "Hivyo?" Basi. Unamjua.

Mkono wako mzima? Mguu? Nauliza tu, wachezaji huumia. Kama umeumia ungeniambia, sivyo? Wewe ndiye uliyevunjika kidole ukiwa na miaka tisa ukakificha mfukoni siku mbili, kwa hiyo nauliza.

Wateja hawamtajii ugonjwa. Nimewapanga wote, mmoja mmoja, wembe ukiwa shingoni, na hakuna aliyebisha.

Kinuyo


Sakai
21 Julai 1974

Dada,

Joto. Naandika nikiwa na taulo mabegani. Bibi ameleta tikiti maji, nimekula nusu peke yangu, nusu nyingine imelala kwenye beseni la maji kama mgeni.

Ndiyo, zile mbili za tarehe 16. Zilikwenda vizuri.

Mkono mzima na mguu mzima.

Wiki hii ligi imepumzika kwa ajili ya mchezo wa wachezaji nyota, lakini sisi wengine tunafanya mazoezi. Ningesema ninakuja siku mbili, lakini umenikataza, na ni kweli ulivyosema, angejua. Kwa hiyo nipo. Jioni natembea mpaka kwenye reli halafu narudi. Kuna duka moja la tambi ambalo mwenyewe alikuwa akinijua, akiniwekea yai la pili bila kuniuliza. Siku hizi anaweka moja. Mtu huzoea.

Je, baba huniulizia? Si kuhusu mchezo. Mimi.

Yasuhiko


Ozu
18 Agosti 1974

Yasuhiko,

Sikukuu ya wafu imekwisha. Nimesafisha kaburi la mama, nimeweka maua na tango lenye miguu ya vijiti liwe farasi wa kumleta, nimemwombea kwa niaba yako pia. Baba alikaa mlangoni kuaga taa zinazosindikiza wafu mtoni ingawa hazioni, akaniuliza ziko ngapi. Nikamwambia nyingi. Sasa anakula tambi baridi, anachota kwa vijiti mara tatu hivi, basi. Ameanza sindano za maumivu na tunaziita vitamini.

Kuna jambo nimelizunguka tangu Mei na sasa nimechoka kulizunguka.

Jina lako halimo gazetini. Halijakuwemo tangu tarehe 27 Aprili. Nilipokuandikia barua ya kwanza zilikuwa zimepita wiki tatu, nikajiambia utaniambia mwenyewe. Ukaniletea ukuta na mpira wa mgongoni. Kwa hiyo kila asubuhi nimekuwa namtungia baba. Nafungua ukurasa, nasoma timu yako ya Hayabusa imeshinda au imefungwa, halafu nakutia wewe katikati. Zile mbili za tarehe 16 nilizitunga mimi, na wewe ukaandika zilikwenda vizuri! Niliposoma hayo nilicheka peke yangu saluni, mteja akashika koo lake.

Na kibaya zaidi, nimekuja kukumbuka kuwa Jumapili ile ilinyesha Osaka kutwa nzima. Mchezo haukuwepo. Redio ilisema, na redio iko miguuni pa baba. Yeye hakusema kitu, nadhani alikuwa amesinzia.

Wateja nao ikabidi niwaingize, maana wanajua kusoma. Sasa kila anayekaa kwenye kiti anapaza sauti kuelekea mlango wa nyuma. "Lo! Yasuhiko jana!" Kikuchi hana kiasi. Wiki iliyopita alikupa mipira mitatu ya kuvuka ukuta. Nilimwambia, "Mzee, tafadhali, huyo si jitu." Akanijibu, "Kinuyo, mimi nikimsaidia mtu sipimi kwa kijiko."

Uko wapi? Umefanya nini? Niambie mimi. Kwa baba tutajua la kusema.

Kinuyo


Sakai
1 Septemba 1974

Dada,

Nilijua kuwa unajua, tangu zile mbili za siku ya mvua. Sikuwa na ujasiri. Nikakuacha uendelee.

Tarehe 27 Aprili mwenzangu alikuwa kituo cha kwanza, na kocha mkuu akanipa ishara niuguse mpira. Yaani nisipige, niweke gongo tu mpira ufie miguuni, mimi nitolewe, mwenzangu asogee kituo kimoja. Unajua ninavyochukia kuugusa mpira. Wiki moja kabla alinipa ishara hiyohiyo, nikapiga, ukavuka ukuta, uwanja mzima ukasimama. Yeye hakunitazama. Safari hii nikapiga tena, ukamwendea mlinzi kifuani, tukatolewa wote wawili na mchezo ukaisha. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo akanizaba kofi mbele ya timu. Nikamshika kola nikambana ukutani. Ana miaka sitini na moja, dada. Alikuwa mwepesi mikononi mwangu, hilo ndilo linanirudia.

Wamenifungia mpaka nitakapokwenda nyumbani kwake Nara kupiga magoti mlangoni. Sijaenda. Hii ni timu ya tatu kunikuta na mambo haya, ya nne haipo. Makocha wote waliniambia nina kipaji, kisha wakaniambia na hilo jingine, la kichwa kigumu.

Tangu Mei nafanya kazi mahali ambapo makarani hulipa ili wapige mipira inayotemwa na mashine. Ninaokota mipira na kapu. Mwaka 1970 niliitwa mlinzi bora wa uwanja wa kati katika ligi yetu, na sasa hakuna anayenitambua, kwa sababu hakuna anayemtazama mwokota mipira. Jana mmoja alinifokea nimwelekeze namna ya kushika gongo, kisha akasema sijui kitu.

Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa na nafasi. Ningeweza kuja Mei. Ningeweza kukaa naye kila siku. Lakini akiniona atajua mambo mawili kwa pamoja, kwamba anakufa na kwamba mwanawe amefungiwa, na lipi kati ya hayo ningemletea kwanza?

Sema nije, nitakuja kesho. Nakuachia wewe.

Yasuhiko


Ozu
7 Septemba 1974

Yasuhiko,

Salamu nitakutumia siku nyingine.

Nimelia, na si kwa ajili ya kazi. Nimelia kwa kuwa tangu Mei nimemgeuza baba kitandani peke yangu, nikijiambia mdogo wangu yuko uwanjani, jua linamchoma, naye anavumilia. Kumbe ulikuwa unaokota mipira na kutembea mpaka kwenye reli.

Haya, nimeshasema, imetoka.

Unaniachia mimi niamue. Siku zote huniachia mimi. Basi nimeamua: usije. Daktari anasema atafika Novemba. Msimu unaisha Oktoba, utakuja kama kila mwaka, na sanduku lako, na ile keki ya Osaka asiyoipenda. Hatashtuka. Mwezi mmoja tu umebaki.

Na kama una magoti, yatumie. Si kwa ajili ya kocha. Mimi nimeishiwa na michezo ya kutunga.

Kinuyo


Sakai
23 Septemba 1974

Dada,

Usiku kumeanza kuwa na baridi. Natumaini baba amefunikwa vizuri.

Nilikwenda Nara. Nilikaa mbele ya mlango wake siku tatu, magoti juu ya kokoto. Siku ya kwanza hakuna aliyetoka. Siku ya pili mkewe alileta chai akaiweka mbali kidogo, ili nikiinuka kuichukua nionekane nimeinuka. Sikuinuka, ikapoa. Siku ya tatu alitoka kocha mwenyewe kumwagilia miti yake. Akamwagilia yote. Kisha akaniuliza:

"Ukiambiwa uguse?"

"Nitagusa."

"Mbona leo?"

Nikamwambia baba yangu anasomewa gazeti. Sikumwambia zaidi. Akaweka ndoo chini, akasema, "Nenda ukanyoe hizo ndevu."

Nitakuwa kwenye benchi keshokutwa. Labda ataniingiza, labda hataniingiza. Usimwambie baba lolote. Ukifungua gazeti, soma tu lililomo.

Yasuhiko


Ozu
19 Oktoba 1974

Mdogo wangu Yasuhiko,

Umesafiri salama? Mwenye nyumba wako amenipigia simu ya shukrani kwa machungwa, ni mtu wa heshima, na nyuma yake nilimsikia yule ndege. Wateja wamerudi kwenye kelele zao. Ukungu umeanza tena. Majivu ya baba yamewekwa mahali pake karibu na mama, na kila asubuhi nawapa wali na chai kabla ya kufungua saluni. Kikuchi hupita kila siku kupiga kengele ya kumbukumbu, anaipiga kwa nguvu mno.

Tulipokuwa na msiba nyumba ilijaa watu, mimi na wewe hatukupata hata kona. Nilimnyoa mwenyewe kwa mara ya mwisho, wewe ukashika bakuli la povu, na hatukusema neno. Uliniuliza mara moja tu, pale stesheni, treni ikiwa imeshasimama. "Alisema nini?" Nikakujibu, "Hakusema kitu." Nilikudanganya. Nilikuwa na hasira bado, nikaona uondoke nayo kidogo. Nisamehe. Sasa nakueleza kama ilivyokuwa.

Tarehe 26 Septemba asubuhi nilifungua gazeti kama kila siku, nikiwa nimeshatunga kichwani. Nikakuta jina lako. Hyodo, mstari wa mwisho kabisa, kipindi cha nane, na mbele yake alama moja ndogo ya kuugusa mpira na kujitoa. Hakuna kingine. Nililivuta gazeti karibu hata likapiga kelele, naye akasikia.

"Soma."

Nikasoma. "Kipindi cha nane, Hyodo ameingia badala ya mpigaji. Ameugusa mpira kwa mrushaji, akatolewa, mwenzake akasogea kituo cha pili."

Baba akaanza kucheka. Hakuwa na nguvu za kucheka, ilibidi nimshike mabega. Akasema, "Hii hukuitunga wewe, Kinuyo."

Nikamwegemeza tena kwenye mto.

"Mtu anayemtungia Yasuhiko humpa mipira ya kuvuka ukuta. Hakuna duniani anayeweza kumtungia kuugusa mpira. Huyu ni yeye mwenyewe."

Kisha akaniambia yote, taratibu, akipumzika kila baada ya sentensi. Alijua tangu ile siku ya mvua, maana hakuwa amesinzia. Na ya Kikuchi alisema, "Mwambie apunguze, ananichekesha na tumbo linauma." Na tumbo lake pia alilijua, kabla ya mvua. Daktari amenyolewa kwake miaka thelathini. Mwezi wa tano alikuja kunyolewa na mimi, na baba akakaa karibu ili wapige soga kama kawaida. Daktari hakuuliza habari za samaki. Miaka thelathini huuliza habari za samaki.

Nikamwuliza, "Sasa baba, kama ulijua yote, mbona hukusema aje?"

Akasema, "Wewe ulikuwa unajitahidi hivyo. Ningekuharibia vipi?" Akageuza uso upande wa mlango. "Na yeye nilimngoja. Nilijua hana mchezo. Kila treni ya saa kumi ikipita nilisema, leo. Nikadhani hataki kuniona nikiwa hivi."

Ndicho nilichokuficha pale stesheni. Nimekiandika mara tatu na kukichana. Alikungoja tangu Juni, Yasuhiko, na mimi ndiye niliyekuwa nakuandikia usije. Hasira yote niliyokuwa nayo kwako nusu yake ilikuwa yangu mwenyewe, na sasa ninaibeba yote.

Halafu akasema, "Amejifunza kugusa. Haya, basi, mwite sasa." Kwa sauti ileile ya kumwita mteja anayefuata. Nilikimbia posta na aproni ya kunyolea. Simu ile ya maandishi ilikukosa kwa kuwa mlikuwa mmeshasafiri kwenda Sendai, mengine unayajua. Asubuhi ya tarehe 28, saa nne, niliposikia pumzi zinabadilika nilimwuliza nimsomee nini. Gazeti la siku ile lilikuwa mkononi. Akasema, "Ile ya kuugusa." Nikamsomea tena, mstari ule mmoja. Nilipomaliza alikuwa ameshaondoka. Wewe ulifika na treni ya saa kumi.

Nimesikia kuwa mwakani Hayabusa hawatakupa mkataba. Imo gazetini, nimeisoma mwenyewe kwa sauti, kwa mazoea, kuelekea chumba cha nyuma. Sijui utafanya nini na wewe hujui. Saluni ina viti viwili, kimoja kimekaa miaka miwili na shuka juu yake. Huna mkono wa wembe, lakini povu unaweza kushika, nimeona. Timu ya watoto wa shule pale kiwanjani haina mtu wa kuwafundisha kukimbia nyuma bila kutazama mpira. Au hutafanya lolote kati ya hayo, utakaa tu. Kando ya mto bado watu wanapika magimbi, mwishoni mwa mwezi huu ndiyo mwisho.

Mwaka huu nimekuandikia neno moja mara nyingi kuliko yote. Msimu umekwisha tangu wiki iliyopita.

Njoo.

Dada yako,
Kinuyo